Nyimbo Arobaini na Moja Ndani ya Kalkuleta

Mwalimu wetu wa kwaya hakujua kuimba. Nasema hivyo kwa heshima, maana yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kulisema. Sauti yake ilikuwa na mikwaruzo. Ikipanda kidogo inakatika, ikishuka inapotea kabisa. Siku alizojaribu kutuonyesha wimbo kwa mdomo wake, wanaume wa sauti ya nne waliinama kufunga kamba za viatu, hata wale waliovaa ndala.

Lakini masikio kama yake sijayaona kwa mtu mwingine. Tulikuwa watu ishirini na wanane tumebanana kwenye kanisa letu la udongo kule Rubondo, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, mabati yakialika kwa joto, na yeye amesimama mbele yetu amefumba macho. Mmoja wetu akiteleza kidogo tu, alimjua ni nani na amesimama wapi.

"Sauti ya pili, ule wa tatu kutoka ku mulango," angesema. "Uko unalala."

Aliyelala ni mimi. Majina yetu hakuyashika hata siku moja. Kwa miaka mingi niliitwa Sauti ya Pili wa Tatu, kanisani na hata kisimani. Mama yangu alipougua, alikuja kumwona, akakaa nusu saa nzima akimfariji vizuri sana, kisha wakati wa kuaga akamwambia, "Mama ya Sauti ya Pili, Mungu akuponyeshe." Mama alicheka mpaka akasahau maumivu.

Yeye naye hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Mwalimu, na mke wake alikuwa Mama Mwalimu.

Alitufundisha kwa namba. Kwaya nyingine za Wakongo pale kambini zilijifunza kwa do, re, mi. Yeye alisema do ni moja, re ni mbili, na kuendelea hivyo mpaka saba. Urefu wa sauti aliuweka nyuma ya nukta: tano nukta mbili maana yake shika tano kwa mapigo mawili. Sauti ya chini ilitanguliwa na alama ya kutoa. Mtu mgeni akipita nje ya kanisa angedhani kuna darasa la hesabu za watu wazima. Haikuchukua muda mrefu namba zikatoka kanisani. Wanawake walipalilia maharage huku wakiimba tano, tano, sita, tano. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi akaja kulalamika kwamba watoto wakiulizwa tatu jumlisha mbili wanajibu kwa wimbo.

"Na jibu iko sawa?" Mwalimu akamuuliza.

"Jibu ni sawa."

"Sasa shida iko wapi?"

Sababu ya hizo namba ilikuwa kalkuleta. Ilikuwa nyeusi, kubwa kidogo kuliko kitabu cha nyimbo cha mfukoni, ina kioo kipana na vitufe vingi kuliko kalkuleta yoyote niliyoiona sokoni. Ilikuwa ya aina ile inayofundishika: unaiwekea safu za namba na maagizo, inayatunza kwenye kumbukumbu yake, na hata ukiizima, kesho yake unayakuta. Mama Mwalimu alikuwa ameishonea mfuko wa kitenge, na Mwalimu aliuvaa shingoni, ndani ya shati. Alitoka nayo Kivu ya Kusini, alikokuwa akifundisha hesabu katika shule ya ufundi. Namna alivyoipata ilibadilika kila alipoulizwa. Mara alipewa na injinia mmoja mgeni aliyekuwa anarudi kwao, mara aliishinda kwenye mashindano ya walimu. Nilimuuliza Mama Mwalimu ipi ni kweli. Akasema, "Aliuzisha mbuzi yangu."

Siku moja tulikuwa kwenye foleni ya mgao wa chakula. Askari mmoja akaona kamba ya ule mfuko, akauvuta nje.

"Mzee, hii redio unaongea na nani?"

"Si redio, afande. Ni mashini ya hesabu."

"Hesabu ya nini?"

"Ya nyimbo."

Askari akaigeuza huku na huku. "Haya, iimbe."

"Haiimbi, afande. Inashika tu."

"Kama haiimbi, hiyo nyimbo iko wapi?"

Mwalimu aligeuka. Akatazama foleni, akanyooshea kidole watu watano wa kwaya, tukatoka na mifuko yetu mitupu na masufuria. Akafungua kalkuleta, akatusomea namba za mwanzo za kila sauti, akainua mkono. Tukaimba pale pale kwenye vumbi, ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho. Tulipomaliza, askari akamrudishia kalkuleta yake kwa mikono miwili.

"Sasa nimeelewa," alisema, ingawa uso wake ulionyesha bado. "Mzee, njoo mbele, upate chakula kwanza."

"Asante, afande. Fasi yangu ni kule nyuma," Mwalimu akajibu, akarudi nyuma ya mwanamke mmoja mwenye watoto mapacha, akasubiri mpaka alasiri.

Karatasi hakuziamini. Kitabu chake cha kwanza cha nyimbo kililowa mtoni siku za kukimbia, wino wote ukaondoka na maji. Cha pili kililiwa na mchwa wa Rubondo katika msimu mmoja wa mvua; alifungua sanduku akakuta majalada mawili na udongo katikati. Cha tatu alimwazimisha jirani. Baada ya miezi kadhaa alinunua karanga za kukaanga sokoni, akafungua kikaratasi kilichozifunga, akakuta ndani yake ubeti wa pili wa wimbo wake mwenyewe. Tuliokuwa naye tulidhani atakasirika. Alikula karanga zote, akakunjua karatasi, akaisoma kwa makini, kisha akasema, "Apa kwa sauti ya ine nilikosea." Kuanzia siku hiyo kila wimbo aliotunga aliuingiza kwenye kalkuleta: safu nne za namba, moja kwa kila sauti. Maneno hakuyaweka, kwa kuwa herufi zilijaza kumbukumbu upesi. Maneno yalikaa vichwani mwetu, na zaidi ya wote kichwani mwa Mama Mwalimu. Alikuwa mwanamke mrefu kuliko mumewe, sauti ya kwanza, na hakujua kusoma, lakini hakuwahi kupoteza neno la wimbo hata moja.

Mwalimu alikuwa mtu wa kushangaza kwa mambo ya saa. Aliyechelewa mazoezi alisimamishwa mlangoni mpaka wimbo wa kwanza uishe. Ila yeye mwenyewe alichelewa karibu kila mara, kwa sababu alifundisha kwaya ya pili kule Juru, upande mwingine wa kambi, akaenda na kurudi kwa baiskeli isiyo na breki. Angefika ameloa jasho, suruali imebanwa kwa pini za nguo, atukute tumekaa chini tunamngoja, atugombeze. "Munangoja nini? Wimbo haina mwenyewe. Muanze." Wiki inayofuata tukaanza bila yeye, akafika, akasimama mlangoni bila kuingia mpaka tukamaliza wimbo wa kwanza. Alijiadhibu mwenyewe.

Sifa hakuzipenda, ndivyo alivyosema. Mchungaji akianza kumshukuru mbele ya watu, alitoka nje. Lakini mimi nilisimama wa tatu kutoka mlangoni, na kwenye upenyo wa ukuta nilimwona: alijibanza chini ya dirisha, ameinamisha kichwa, anasikiliza kila neno.

Neno alilotuambia mara nyingi kuliko yote lilikuwa hili: "Kama unasikia sauti yako tu, ujue umeshapotea. Sikiliza mwenzako." Nyumbani lakini, Mama Mwalimu alidai, alikuwa hasikii chochote. Angemwambia kuni zimeisha mara tatu, naye angejibu, "Ndiyo, ni muzuri."

Kubadilisha betri kulikuwa ibada ya peke yake. Kalkuleta ilitumia betri nne ndogo, na nyingine ndogo zaidi, bapa kama kifungo, iliyolinda kumbukumbu wakati zile nne zikitolewa. Kwa namna alivyoeleza Mwalimu, ile ya kifungo ikiwa imechoka na ukakawia kidogo, nyimbo zote zinafutika, inabaki mashini tupu kama siku iliyotoka kiwandani. Kwa hiyo aliitisha viongozi wa sauti zote nne, akatandika kitambaa mezani, akapanga betri mpya. Alitoa moja, akaweka moja. Hakuna aliyeruhusiwa kukohoa. Akimaliza aliiwasha, akaangalia, akashusha pumzi, na Mama Mwalimu akaleta chai kana kwamba kuna mtoto aliyezaliwa.

Basi ndivyo tulivyoishi, na nyimbo zikafika arobaini na moja.

Halafu watu wakaanza kuondoka. Familia moja ilipata safari ya kwenda kuishi ng'ambo, kisha ya pili, kisha tano kwa mwezi mmoja. Tulifurahi pamoja nao, tukawaimbia, tukawasindikiza mpaka kwenye magari. Ila kila gari liliondoka na mtu aliyejua maneno, au mtu aliyeshika sauti ya tatu bila kuyumba. Mwalimu aliwaaga kwa kuwapa mkono na kuhesabu. "Sauti ya tatu, tunabakia babili." Mimi pia niliondoka, ingawa si mbali. Nilikwenda mji wa Mbarara kusomea kompyuta, nikapata kazi katika duka la kuchapa barua na kutengeneza kompyuta, karibu na paki ya teksi. Nilipanga chumba Kakiika, pembeni mwa mji. Jumapili nilisali kwenye kanisa la jirani, nikakaa viti vya nyuma, sikuimba kwenye kwaya yoyote.

Nilikuwa na miaka miwili pale dukani siku Mwalimu alipoingia. Alikuwa amevaa koti lake la siku za ubatizo na amekumbatia kopo la maziwa ya unga. Akaliweka juu ya meza yangu, akafungua. Ndani, katikati ya pamba, ilikuwemo kalkuleta.

"Sauti ya Pili," alisema, "kioo inakufa."

Aliiwasha. Mistari ya kioo ilikuwa imetoweka upande wote wa kushoto na katikati. Pembeni kulibaki sehemu nyembamba tu, ambapo namba zilionekana nusu nusu. Alikuwa anaweza kuisoma kwa kuzisogeza namba moja moja mpaka zifike kwenye ule upande mzima, lakini kila wiki ulipungua. Siku si nyingi nyimbo zingekuwa mle ndani, nzima, na hakuna mtu duniani angeweza kuziona.

"Umesomea kompyuta," akasema. "Uzitoshe mule, uziweke fasi ingine."

Nilimwambia aniachie, nitafute namna. Akakataa kuiacha. Akavuta kiti, akakaa kando ya meza na kopo lake mapajani. Alikaa siku ile yote, akalala kwa mchungaji mmoja wa Kakiika, akarudi kesho yake asubuhi kabla hatujafungua. Bosi wangu, Mnyankore mpole mwenye tumbo kubwa, alimzunguka na karatasi zake kwa uvumilivu. Siku ya pili jioni akaniita pembeni. Siku zote aliniita nnyabo, neno la Wanyankore la kumheshimu mwanamke.

"Nnyabo, mzee wako ameshinda hapa siku mbili. Yeye anangoja nini?"

Nikamweleza. Alikuwa mtu wa kanisa. Akamtazama Mwalimu, akatazama lile kopo.

"Hiyo kitu iko na nyimbo ndani?"

"Ndiyo, bosi."

"Haya. Angalau mtu ampe mzee kiti kizuri," akasema, kama vile duka lilikuwa la mtu mwingine, akaenda kumletea cha kwake.

Kwenye ukingo wa chini wa kalkuleta kulikuwa na tundu dogo la pini. Nilitafuta kwenye intaneti, nikakuta mtu wa mbali amechora namna ya kutengeneza waya wa kuiunganisha na kompyuta za zamani, kupitia tundu la printa, na ameweka programu ya kupokea. Nilikata waya wa printa uliokufa. Pini niliitoa kwenye vipokea sauti vya simu. Mchoro ulitaka pia diodi nne, vile vipande vidogo vinavyoruhusu umeme kupita upande mmoja tu. Nikazitoa kwenye redio mbovu zilizojaa stoo. Nikalehemu, nikafunga kwa utepe mweusi. Waya wenyewe ulikuwa na sura mbaya.

Mwalimu aliutazama muda mrefu.

"Inaweza kufuta?"

"Sijui, Mwalimu. Sijawahi kufanya."

"Hapana unijibu kama muuza duka."

Ilinibidi nimtazame usoni. "Inaweza," nikasema. "Kama nimeunganisha vibaya, inaweza kufuta zote."

Akasimama, akarudisha kalkuleta kwenye pamba, akafunika kopo, akatoka. Hakuaga. Nilikaa na ule waya mkononi, nikajuta kwamba nilisema kweli, kisha nikajuta kwamba nilijuta.

Wiki moja baadaye alirudi, na safari hii nyuma yake alikuja Mama Mwalimu, amevaa kitenge cha sikukuu. Hakukaa. Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye meza yangu.

"Mwalimu anasema mashini inaweza kufa mukononi mwako."

"Ndiyo, Mama."

"Na tukiiacha vile iko?"

"Itakufa tu, Mama. Kioo kinaisha."

Akamgeukia mumewe. "Unaona. Nilikuambia." Kisha kwangu: "Fanya, mwanangu. Kama ni kufa, ikufe sisi tukiwa apa."

Kazi ya kubonyeza ilikuwa ya Mwalimu peke yake, maana kioo hakikuonyesha tena orodha ya maagizo. Alizijua njia zake kwa kuhesabu. Alifumba macho kama kanisani, akabonyeza huku anajisemea: chini mara tatu, kulia mara moja, chini mara mbili. "Sasa," akasema.

Kompyuta haikuonyesha kitu. Tukangoja. Mwalimu alianza kupumua kwa nguvu. Nikachomoa, nikarudia kuangalia mchoro, nikaona nimepishanisha nyaya mbili. Nikazibadilisha. Akaanza upya kubonyeza, kalkuleta ikakubali, na kwenye kompyuta mstari mdogo ukaanza kujaa, polepole, kutoka kushoto. Bosi alikuwa ameacha wateja wake, amesimama nyuma yetu. Mstari ulifika zaidi ya nusu.

Umeme ukakatika.

Feni ilizunguka kidogo, ikasimama. Kioo cha kompyuta kikawa cheusi. Mama Mwalimu alishika bega langu, nikahisi vidole vyake vinabana. Mwalimu akaishika kalkuleta, akaisogeza karibu na mlango penye mwanga, akabonyeza, akaangalia ile sehemu nyembamba ya kioo. Akabonyeza tena.

"Ziko," akasema. "Ziko zote. Mashini iko na betri yake ine."

Akaanza kucheka. Alicheka na sauti yake ile ya mikwaruzo, mpaka machozi, akaegemea mlango. Bosi naye akashikwa. "Umeme wa Mbarara umeshindwa na betri ya tochi," akasema, na wateja waliokuwa wanangoja barua zao wakacheka bila kujua wanacheka nini.

Umeme ulirudi baada ya saa mbili. Safari ya tatu mstari ulijaa mpaka mwisho, kwa muda ambao mtu humaliza kikombe cha chai. Nikafungua faili. Namba zilipanda kwenye kioo kikubwa, safi, nyeupe juu ya bluu. Mwalimu alisogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Kwa zaidi ya mwaka hakuwa ameona mstari mzima wa wimbo wake kwa mara moja.

Nilizihesabu. Nyimbo alizipa namba badala ya majina, kutoka moja hadi arobaini na moja, zote zilikuwepo. Lakini chini yake kulikuwa na moja zaidi. Hiyo haikuwa na namba. Alama yake ilikuwa herufi moja, na ilikuwa na safu moja tu, sauti ya kwanza.

"Mwalimu, zimetoka arobaini na mbili," nikasema.

"Hapana. Ni arobaini na moja."

"Hii ya mwisho, yenye herufi, je?"

Akaangalia. "Hiyo ni makosa. Uifute."

Alisema haraka mno. Mama Mwalimu, asiyejua kusoma, alitazama kioo, kisha akamtazama mumewe, ambaye alikuwa ameanza kukunja ule mfuko wa kitenge wa kalkuleta mara ya pili na ya tatu.

"Makosa haiko na mistari mingi vile," akasema. "Mwanangu, uiimbe."

"Ninaenda kuangalia baiskeli," Mwalimu akasema. Baiskeli aliiacha Rubondo. Walikuja kwa gari.

Aliyenifundisha kusoma namba ni yeye mwenyewe, kwa hiyo sikuhitaji msaada. Niliimba kwa sauti ndogo, namba zenyewe, tatu nukta mbili, tano, sita, tano nukta tatu. Ulikuwa wimbo wa polepole, si kama zile zake za kanisa. Ulipanda mahali ambapo kwa kawaida angeshuka. Niliporudia mstari wa kwanza, Mama Mwalimu aliingia. Alikuwa anaujifunza hapo hapo, anashika mstari baada ya mimi, na ile sauti yake kubwa aliipunguza mpaka ikatosha chumba kile tu. Tukafika mwisho. Bosi alikuwa amevua kofia.

"Niambie hiyo herufi ni gani," Mama Mwalimu akaniuliza.

Nikamwambia. Ilikuwa herufi ya kwanza ya jina lake, jina lake la kuzaliwa, ambalo sisi wanakwaya wengi hatukulijua.

Akakaa kwenye kiti cha bosi. Kisha akanieleza. Miaka yetu ya mwanzo pale Rubondo alikuwa na mimba iliyomwia vibaya. Walimleta hospitali ya Mbarara kwa gari, akalazwa karibu mwezi mzima. Mwalimu alibaki nyumbani na watoto watatu wadogo, hana njia ya kuja wala ya kupata habari. Mtoto hakupona, yeye alipona. Aliporudi alikuta nyumba imefagiliwa, watoto wameoga, na mume hana neno la kusema. Alimwambia tu, "Umerudi," akaenda kuchota maji.

"Miaka hii yote nilijua hakuweza kusema," Mama Mwalimu akasema. "Sikujua kama aliandika."

Akatoka nje. Kupitia dirishani niliwaona wamesimama kando ya barabara, katikati ya watu wa mizigo. Mwalimu alikuwa anatazama viatu vyake. Mama Mwalimu aliuliza kitu. Yeye akajibu kwa kirefu, kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumsikia akizungumza jambo lisilo la muziki. Nilifikiri alikuwa anampa maneno ya ule wimbo, kwa sababu mikono yake ilikuwa inapiga mapigo. Maneno hayo Mama Mwalimu hakumwambia mtu. Nilimwuliza mara mbili. Mara zote alinijibu, "Yako utaimbiwa na wako."

Zile arobaini na moja tulizichapa. Kila Jumamosi kwa miezi mitatu nilikwenda Rubondo na karatasi, Mama Mwalimu akasema maneno, mimi nikayaandika chini ya namba, na Mwalimu akasahihisha mapigo. Tulitengeneza nakala nyingi. Nyingine tulizituma kwa barua pepe kwa waliokwenda ng'ambo. Jumapili moja simu yangu ikalia, na sauti ya mwanamume ikasema, "Mimi ni Sauti ya Tatu wa Kwanza, nipe Mwalimu." Alikuwa nchi yenye theluji, amekusanya Wakongo sita sebuleni kwake. Wakaimba wote saba. Mwalimu alisikiliza simu ikiwa imebanwa sikioni, macho yamefumba. Walipomaliza akasema, "Mwanamuke wa kulia yuko mbele kidogo. Mumwambie asikimbie." Kisha akanirudishia simu, akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko kwa muda.

Kioo cha kalkuleta kilizimika kabisa kabla ya mwaka kuisha. Nilidhani atahuzunika. Alitoa zile betri nne, akaziweka kwenye redio ya mkewe, akaridhika.

Mara ya mwisho nilimwona mwaka 2015, wakati Warundi walipoanza kufika Nakivale kwa wingi. Nilikuwa nimekwenda Rubondo kusalimia. Nilimkuta kanisani, katikati ya wiki, amekonda, anatembea kwa fimbo, na mbele yake wamesimama watu kama ishirini ambao sikumjua hata mmoja. Wachache walikuwa Wakongo wa zamani. Wengine walikuwa wageni. Mifuko yao ilikuwa imepangwa ukutani, haijafunguliwa. Mama Mwalimu aliketi mbele, anawafundisha maneno mstari kwa mstari.

Mwalimu aliniona, akanionyesha kwa fimbo nikae kwenye benchi, kando ya karatasi zake. Akainua mkono. Wakaanza, vibaya, kisha vizuri kidogo. Katika ubeti wa pili ikasikika sauti ngeni kutoka nyuma kabisa, mahali ambapo hapakuwa na wanakwaya. Ilikuwa ya msichana mmoja aliyeketi sakafuni juu ya mkeka uliokunjwa. Hakufuata sauti ya kwanza wala ya pili. Alipita katikati ya hizo mbili, njia ambayo haikuwepo kwenye namba zetu.

Mwalimu akashusha mkono. Wote wakanyamaza. Msichana naye akanyamaza, akatazama chini, na wenzake wakamsogelea kama vile wanataka kumficha.

"Wewe," Mwalimu akasema. "Ulifundishwa na nani?"

"Hakuna, Mzee. Nimesikia tu. Munisamehe."

"Rudilia."

Alisita. Mama Mwalimu akamwanzishia, na msichana akaimba tena, mwanzoni kwa woga, kisha kwa sauti kamili. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, kichwa ameinamisha upande mmoja. Akageuka kwangu.

"Umeshika namba zake?"

"Nimeshika, Mwalimu."

"Uandike. Iko nzuri kuliko yangu." Akamrudia msichana. "Unakaa upande gani?"

"Sina kiwanja, Mzee. Tumefika juzi. Bado hawajatupa fasi."

Mwalimu alitazama safu za watu wake. Kwa fimbo yake akamgusa mwanamke mmoja begani, asogee kushoto, akamgusa mwingine, asogee kulia, mpaka katikati yao pakawa na upana wa mtu mmoja.

"Fasi iko," akasema. "Kuja usimame."

Msichana akauacha mkeka, akapita kati ya benchi, akasimama pale. Mwalimu akainua mkono.